Sauti iliyokwaruzika si medali

Kwetu Ruashi, mama akiongoza nyimbo za kienyeji kwenye ndoa na sauti yake ikakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye mawe, bantu banasema: “Uyu njo mwimbaji!” Mimi pia nilisema hivyo kwa miaka. Leo ninaipinga sifa hiyo, kwa sababu nimeiona bei yake.

Ilikuwa ndoa ya mwezi wa 8, wakati wa vumbi. Mama mmoja wa mtaa wetu aliimba tangu saa nane mchana. Jenereta nyuma yake, moshi wa makala pembeni, spika zote zimeelekezwa kwa wageni. Usiku sauti ilianza kukatika. Mimi nilikuwa mbele, franga mkononi, ninapiga kelele: “Moya tu, mama, moya tu!” Akaongeza moja, kisha tatu. Wiki iliyofuata nilimsalimia sokoni, akanijibu kwa mkono. Miezi ikapita, bado ananong’ona.

Nilirudi nyumbani nikasikiliza upya “Masanga” ya Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Wimbo huu tunausifu kwa vidole. Hata mtaalamu David Rycroft, alipouchambua ufundi wa Mwenda miaka ya 1960, alishughulika na gita. Lakini sikiliza koo. Mwenda haimbi kwa nguvu. Anakaa karibu na sauti ya kuzungumza, anasema maneno machache, halafu anaachia gita lizungumze, na koo linapumzika. Kwa masikio yangu, pumziko lile ni sehemu ya utunzi wenyewe. Basi nani alitudanganya kwamba uasilia wa Katanga ni kupasuka koo?

Tumejidanganya wenyewe, tukishirikiana na kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza jambo ambalo kila mwimbaji analijua mwilini: mtu akizungukwa na kelele, sauti yake inapanda yenyewe bila yeye kukusudia. Mwimbaji asiyejisikia atapiga kelele tu. Nyuzi za sauti za mwanamke zinagongana karibu mara 200 kwa sekunde. Ukizilazimisha saa nyingi zinavimba, na zikizoea kulazimishwa zinaweza kuota vinundu kama sugu za mkono wa mchimbaji.

Najua mtanijibu: “Na Bi Kidude je?” Kweli, yule bibi wa Zanzibar alivuta sigara na akaimba mpaka uzee mkubwa, akafariki 2013. Lakini aliyevuka mto wenye mamba hathibitishi kwamba mamba hawaumi. Wengine watamtaja Lucha Reyes wa Meksiko, aliyepoteza sauti katika safari ya Ulaya miaka ya 1920, akarudi na mkwaruzo uliobadilisha uimbaji wa ranchera. Ni kweli, na ni uzuri. Ila yeye alijenga sanaa juu ya jeraha lililokwisha kumpata. Sisi tunadai jeraha kwanza, ndipo tupige makofi.

Sisi wenye diploma njo tunaandaa hizi sherehe, tunaandika “sauti halisi ya kienyeji” chini ya video. Basi tuanze sisi. Spika moja igeuzwe imwelekee mwimbaji, ajisikie. Jenereta iende mbali. Maji yawe karibu naye tangu mchana, si lutuku: pombe inamfanya asisikie maumivu na aendelee kujiumiza. Tangawizi inafariji, lakini tunachomeza hakipiti juu ya nyuzi za sauti, kwa maana zile ziko kwenye njia ya hewa. Mwimbaji akikauka sauti, anyamaze kabisa. Kunong’ona kwa nguvu hakumpumzishi. Mkwaruzo ukizidi wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na malipo yahesabu mapumziko, maana mama anayelipwa kwa franga za kutunzwa tu hawezi kukaa chini, akikaa, hali.

Nilikwenda kwake kuomba samahani. Alicheka bila sauti, akaniandikia kwenye telefone yangu: “Mulikuwa bengi.” Sikuona faraja katika neno hilo. Kama tulikuwa wengi kumsukuma, kila mmoja wetu angeweza kuwa wa kwanza kusema: “Mama, kaa kwanza, kunywa mayi.” Hakuna hata mmoja aliyesema.

Ndoa inayofuata, ukisikia koo linakwaruza, usitoe franga ya kuongeza. Mpe kiti.