Betri ya Gari la Kambi Ihesabiwe kwa Joto, Siyo kwa Miezi

Masika yakishika, magari mengi ya kupigia kambi ya Arusha na Moshi hurudi uani. Land Cruiser yenye hema juu ya paa na jokofu nyuma inaweza kukaa hapo tangu mwisho wa Machi mpaka Juni. Siku inapohitajika, mafuta yapo na matairi yana upepo, lakini ukizungusha ufunguo hakuna kinachoitika. Mwenye gari husema ameuziwa betri feki. Mara nyingi betri ilikuwa nzima, ikauawa na namna ilivyohifadhiwa.

Sehemu ya tatizo ni maelekezo tunayoyafuata. Mengi yameandikwa kwa ajili ya wenye magari-nyumba wa Marekani na Kanada, ambao huyafungia magari yao majira yote ya baridi. Hofu yao kubwa ni kuganda. Betri iliyokwisha chaji huweza kuganda na kupasuka kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, ilhali iliyojaa huhimili baridi ambayo watu wengi hawataiona maishani. Kwa hiyo wao huijaza, huchomoa waya, huiacha, na baridi yenyewe huwasaidia kwa kupunguza kasi ya betri kujimaliza. Kwetu hesabu inageuka. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi hiyo huongezeka takribani mara mbili. Betri ileile ikikaa Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 itapoteza chaji karibu mara mbili ya ile iliyoko Arusha kwenye nyuzi 20. Anayesoma kwamba akague kila baada ya miezi mitatu, akafanya hivyo Pwani, anakagua maiti.

Kinachoiua ni salfeti ya risasi. Tangu Mfaransa Gaston Planté alipounda betri ya risasi na asidi mwaka 1859, kanuni yake haijabadilika: betri inapotoa umeme, salfeti hutanda kwenye bamba zake, na inapochajiwa, salfeti hiyo hurudi kuwa risasi na asidi. Ikiwa bado changa, ni laini na hurudi kwa urahisi. Ikiachwa wiki nyingi, chembe zake hukua na kuwa ngumu, na chaja haiziwezi tena. Sehemu hiyo ya bamba imepotea moja kwa moja. Ndiyo maana nasisitiza kwamba betri haidhuriwi na kupumzika; inadhuriwa na kupumzika ikiwa nusu tupu.

Hata hivyo, kujimaliza kwenyewe si mwizi mkubwa. Mwizi ni vifaa visivyolala: alamu, saa ya redio, kifaa cha kufuatilia gari. Tuseme kwa pamoja vinakula miliampea 50. Kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa mwezi 36, kwa miezi miwili 72. Betri ya ampea-saa 100 haina ujanja mbele ya hesabu hiyo. Fundi umeme anayejua kazi yake hufunga milango, husubiri gari litulie, kisha huweka mita kati ya waya wa hasi na kichwa cha betri ili aone ni kiasi gani kinavuja. Dawa yake ni nyepesi: chomoa waya wa hasi, au weka swichi ya kukata umeme kwenye kila betri. Kama mwenye gari anataka kifaa cha kufuatilia kiendelee kufanya kazi, basi betri hiyo lazima ipate chaji ya kudumu.

Wengi humwagiza mlinzi awashe gari dakika kumi kila wiki. Desturi hii inatuliza moyo kuliko inavyosaidia betri. Kuwasha hakuli umeme mwingi, lakini betri inapokaribia kujaa hupokea chaji kidogo kidogo, na kutoka asilimia 80 kufika 100 huchukua saa nyingi. Altaneta ya gari lililosimama kwenye sailensa haimalizi kazi hiyo kwa dakika kumi. Na betri ya pili, ile ya jokofu na taa, huunganishwa na ya kwanza pale tu volti za ya kwanza zinapopanda vya kutosha, hivyo huambulia kidogo zaidi.

Njia ya uhakika ni kujaza kabisa kwa chaja ya umeme wa ukutani kabla ya kuegesha, kuacha betri itulie usiku kucha, ndipo kupima. Betri ya maji iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, 12.2 ni nusu. Mimi huichukua 12.4 kuwa mstari wa kurudisha chaja, iwe zimepita wiki sita au mbili. Paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chaji hufanya kazi hii vizuri sana, ila mara nyingi naona gari limefunikwa turubai, paneli ikiwa chini yake.

Joto lina mtego mwingine. Volti za kutunza betri iliyojaa, kwa kawaida 13.5 hivi, zimepangwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi moja ikizidi, zinapaswa kushuka kwa takribani milivolti 24. Chaja isiyojua joto, ikiachwa miezi kwenye banda la mabati, huchemsha maji taratibu mpaka bamba zinabaki wazi. Chagua chaja yenye kipima joto, kagua maji, na ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, usiongeze asidi. Pia acha hewa ipite, maana haidrojeni inayotoka hulipuka.

Betri za lithiamu zinahitaji mpango wao: ziache na nusu ya chaji au zaidi kidogo, zikate kabisa, zikae kivulini. Usizihukumu kwa volti peke yake, kwa kuwa volti zake hazishuki sana mpaka zinapokaribia kuisha.

Kabla ya safari ya kwanza ya Juni, volti nzuri bado hazitoshi, kwa sababu betri iliyopoteza nusu ya bamba zake inaweza kusoma 12.6 vilevile. Ijaribu kwa kazi. Washa jokofu jioni, gari likiwa limezimwa. Likila wastani wa ampea 2, kwa saa 12 litakuwa limetumia ampea-saa 24. Asubuhi lizime, subiri kidogo, upime. Betri nzima ya ampea-saa 100 itasoma karibu 12.4. Ikisoma 12.0, inunuliwe nyingine ungali mjini, kabla wageni hawajalala Seronera na chakula chao kwenye jokofu lisilofanya kazi.