Heko kwa wenye tochi

Ukitoka sinema pale Mlimani City, Dar es Salaam, unakumbuka filamu, bisi na baridi ya kiyoyozi. Waliokuhudumia huwakumbuki. Leo tuwape haki yao.

Tazama dakika chache kati ya onyesho moja na jingine. Watazamaji wakitoka tu, wahudumu wanaingia na mifagio: bisi zimemwagika chini ya viti, vikombe vya soda vimeachwa, pengine na kiatu cha mtoto. Taa zikizimwa, ni hao hao wanaomfikisha mchelewaji kwenye kiti chake, mwanga wa tochi umeelekezwa sakafuni usimpige mtu machoni.

Kwenye chumba cha mitambo nako kuna kazi. Filamu siku hizi huja kwenye diski, imefungwa kwa msimbo, na ufunguo wake hufanya kazi kwa tarehe zilizopangwa tu. Ufunguo ukikataa na ukumbi umeshajaa, fundi hana pa kujificha.

Enzi za Avalon na Empire, sinema za zamani za Dar es Salaam, ukumbi ulikuwa mmoja. Leo kumbi kadhaa huanza kwa kupishana, na ratiba inakwenda. Hongereni sana, na mikono yenu isichoke!