Kinder Scout kwa Siku Moja: Jamani, Mbona Mlitunyamazia?

Niliteremka mlima wa Kinder Scout jana jioni. Buti zina tope, magoti yananung'unika, na siwezi kungoja yapoe ndipo niandike. Nendeni Edale, ndiko safari inakoanzia!

Edale ni kijiji kidogo katika bonde la mto Noe, Derbyshire, kati ya Manchester na Sheffield. Gari la nini? Baadhi ya treni ziendazo kati ya miji hiyo husimama papo hapo bondeni. Kutoka Sheffield ni kama nusu saa tu. Unashuka, unakaza kamba za buti, unaondoka. Mzunguko niliouchagua ni wa kilomita 14 hivi, na unaanzia kwenye baa ya Old Nags Head, mahali inapoanza Pennine Way, ile njia ya miguu ya kilomita 430 hivi inayoishia Kirk Yetholm, Scotland. Wenye wazimu wao huimaliza yote. Mimi niliionja tu.

Mwanzo ni malisho: kondoo, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mageti madogo. Pazuri, ila tupite haraka, kwa sababu ukishavuka Upper Booth unakuta daraja jembamba la mawe la farasi wa mizigo wa zamani, na mbele yake, loo, Jacob's Ladder! Vidato vya mawe vinapanda mlima bila huruma. Inasemekana jina limetokana na Jacob Marshall, mkulima wa karne ya 18 aliyechonga ngazi hapa. Mzee huyo nilimsifu nilipoanza kupanda; nilipofika katikati nilikuwa sina pumzi ya kumsifu mtu.

Halafu unatokea juu! Upepo unakupokea, bonde zima liko chini ya miguu yako, na kwale wa porini anafumka kutoka vichakani akikufokea kama umeingia shambani kwake. Kwenye Kinder Low, mita 633, nguzo ya wapima ardhi imesimama juu ya jiwe. Kilele halisi kinaizidi kwa mita tatu tu, nacho kimejificha kwenye udongo mweusi wa mboji. Sikuona sababu ya kukitafuta, kwa kuwa utamu wote uko ukingoni.

Ukingoni ndiko kwenye mawe. Noe Stool, Pym Chair, kisha Woolpacks: majabali mengi yaliyochongwa na upepo, maji na barafu mpaka yamekuwa viti, uyoga, na wanyama wasio na majina. Nilipitisha kiganja juu ya jabali moja. Chembe nyeupe ndogo zimejitokeza, zinakwaruza ngozi. Huo ni mchanga ulioletwa na mito zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita! Nilizunguka pale mpaka chai ya chupa ikapoa, na nisingejali kulala hapo hapo.

Na kumbe kwa kutembea huku kuna watu waliofungwa jela. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda Kinder kutokea Hayfield, upande wa pili, wakati nyika hizi zilikuwa za matajiri wawinda ndege. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Watano walihukumiwa vifungo, yeye miezi minne. Mwaka 1951 Peak District, eneo lenye Kinder, ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa Uingereza, na sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu haki ya kutembea kwenye nyika za wazi. Leo hakuna geti la kulipia wala mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi.

Kurudi nilishukia Grindsbrook, korongo ambamo kijito na njia vinagombania mawe yale yale. Huku unatumia na mikono. Raha tupu, lakini mvua ikinyesha mawe huteleza vibaya, kwa hiyo siku hiyo shuka kwa njia nyingine.

Kasoro? Ukungu. Huo huweza kushuka ghafla huko juu hata siku iliyoanza na jua, na simu si ya kutegemewa. Beba ramani, dira, koti la mvua na chakula cha kutosha. Nyinyi ndugu zetu mlioko Manchester na Sheffield, hamna kisingizio: angalieni ratiba ya treni ya kurudia, kisha pandeni ya asubuhi Jumamosi hii.