Fundi Anayepanga Nani Amsikie Nani

Kuanzia Kahama hadi Geita, sifa za dhahabu huenda kwa mchimbaji, kwa mlipuaji wa miamba na kwa dereva wa lori lenye magurudumu marefu kuliko mtu. Aliyepanga redio koli zao hatajwi. Mimi namsifu huyo. Kazi yake ni kuamua nani amsikie nani, na mgodini uamuzi huo unagusa uhai wa watu.

Zamani kila kikundi kilipewa chaneli yake. Moja ilijaa kelele mchana kutwa huku jirani yake imelala bure. Mfumo wa kuchangia chaneli uliondoa upotevu huo, kama benki inayopanga wateja foleni moja mbele ya madirisha yote. Ukibonyeza kitufe, redio yako huomba nafasi kupitia chaneli ya uongozi, ambayo haibebi sauti ya mtu. Mtambo hutafuta chaneli iliyo wazi na kuwahamishia hapo wenzako wote wa kikundi, kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Ukiachia kitufe, chaneli hurudi kwenye fungu la wote. Hesabu ya kujua chaneli chache zinatosha watu wangapi ina mizizi katika kazi ya A. K. Erlang, Mdenmark aliyechapisha mwaka 1909 uchunguzi wake juu ya msongamano wa simu.

Skanna ya kawaida, yaani redio ya kusaka na kusikiliza masafa, hupotea katika mfumo huu: hunasa swali kwenye chaneli moja, jibu likapitia nyingine. Ndiyo maana fundi anayekagua mfumo huipanga skanna yake kwa subira. Kwanza huingiza masafa ya chaneli ya uongozi. Akikosea tarakimu moja, haambulii kitu. Kisha huchagua aina ya mfumo, maana TETRA iliyotoka Ulaya na P25 ya Marekani hazielewani. Halafu zinafuata namba za vikundi, kila moja na jina lake: Zimamoto, Pampu, Walipuaji, Laini Kubwa. Wengi hudhani kazi yote hufanywa na kompyuta. Kompyuta haijui kwamba mtu wa pampu na mtu wa umeme lazima wasikilizane usiku wa mvua, wala kwamba wito wa dharura unapaswa kukatiza porojo za zamu nzima. Hayo huyajua mtu aliyekaa na watu, akawauliza, akawasikiliza.

Na asikilize kwa idhini. Marekani wapo wengi wanaofanya usikilizaji huu kuwa burudani. Kwetu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila mamlaka, na masafa hutolewa kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Naiunga mkono sheria hiyo. Katika nchi ya dhahabu, anayejua gari lipi linatoka lango lipi na saa ngapi ameshika siri nzito.

Mwamba nao una masharti yake. Shimo la wazi likizidi kwenda chini, kuta zake huziba mawimbi, na fundi hulazimika kuhamisha minara na kupima upya kila kona. Chini kwa chini, kama Bulyanhulu, mawimbi hayapenyi jiwe. Migodi ya namna hiyo hutandaza njiani waya maalumu unaovujisha mawimbi kwa makusudi, ili redio iliyo karibu nao isikike. Penye detoneta za umeme hali hugeuka kabisa: redio huzimwa au huwekwa mbali, kwa sababu wimbi lenye nguvu laweza kuwasha mlipuko kabla ya wakati. Fundi bora anajua pia mahali ambapo redio yake haitakiwi.

Mwaka 2015 duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama. Wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mizizi na wadudu; mwenzao wa sita alifia humo. Kila nikifikiria siku hizo 41 naona kwamba ufundi wa redio haupaswi kubaki ndani ya uzio wa kampuni kubwa. Waya na redio chache haziwezi kuzuia udongo usianguke. Zinaweza kuwaambia walio juu kwamba chini bado kuna watu, na wako upande gani.

Kwa hiyo nawaomba wenye vyuo vya ufundi Shinyanga na Geita, na wenye leseni za maduara ya Nyarugusu na Mgusu: wafundisheni vijana kazi hii, kuanzia masafa, vikundi na sheria hadi kuufunga waya kwenye mwamba. Na kila duara linaloshusha watu chini liwe na njia ya sauti kabla halijatoa gunia la kwanza la mawe.