Mkono wa Mshika Panya

Mgeni wa maabara hujulikana anavyomshika panya: humvamia kutoka juu, naye panya humwona kama mwewe. Fundi aliyekomaa hupeleka kiganja polepole, akamkumbatia chini ya makwapa, mkia akauacha. Katika maabara za Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ambako panya weupe wa ukoo wa Wistar hutumiwa kujaribia mitishamba na dawa, kazi hii haina sifa wala jina kwenye ripoti. Siku kadhaa kabla ya jaribio, fundi anawashika tu na kuwarudisha. Asiyejua atadhani anapoteza muda.

Subira hiyo hulipa zaidi kwa panya wenye presha. Mwaka 1963, Okamoto na Aoki wa Kyoto walitangaza kizazi kilichotokana na hao hao Wistar, ambacho presha yake hupanda yenyewe kinapokua, ikapita hata 180. Kipimo hufungwa mkiani, nacho ni mkanda mdogo unaojazwa upepo. Mkia upashwe joto kwanza, na panya awe amekizoea kibomba anamobanwa. Asipokizoea utapima woga, uandike maradhi.

Halafu kuna kumtazama panya akichungulia mahali pageni, kazi ninayoistahi kuliko zote. Anawekwa ndani ya sanduku lisilo na kifuniko, sakafu yake ina miraba. Mtazamaji anahesabu miraba aliyovuka, mara alizosimama kwa miguu ya nyuma akinusa hewa, muda aliouambaa ukuta na muda aliothubutu kwenda katikati. Hata vinyesi vinahesabiwa. Mwanasaikolojia Calvin Hall alikuwa akivihesabu tangu 1934. Kila panya akitoka, sakafu inafutwa kwa spiriti, maana harufu ya aliyetangulia humshawishi anayefuata.

Katika sanduku hilo, panya wa presha huzurura kuliko jamaa zao wa Kyoto wasio na presha. Mwenye haraka angeishia hapo, aseme presha inaleta utundu. Mtafiti mzoefu anakumbuka kwamba wale jamaa wenyewe ni wazito kupita kawaida, wa kujikunyata tu. Basi ni nani aliye tofauti, huyu au yule? Anaongeza kundi la tatu, Wistar wa kawaida, anaanza kuhesabu upya. Hapo namvulia kofia.

Kampala ina sababu ya kujali vipimo hivi. Daktari Hugh Trowell, aliyetibu katika hospitali ya Mulago miaka mingi kabla ya uhuru, aliandika kwamba alipofika Afrika Mashariki mwaka 1929 presha ilikuwa nadra kwa Waafrika. Utafiti wa kitaifa wa 2014 uliikuta kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Uganda.

Nawe ukishuka kwenye bodaboda kwenda kupimwa presha, tulia kwanza kama yule panya, usinyooshe mkono papo hapo. Keti dakika tano, egemeza mgongo, miguu yote miwili ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo, na usizungumze. Muuguzi akiharakisha, mwombe kwa upole asubiri.