Uhura na Uhuru

Vitabu vya hadithi za picha vinapendwa sana na vijana. Haifai kuvilaumu vyote kwa pamoja, wala kuvisifu bila kuvisoma. Leo twapenda kupima kimoja, kwa sababu ndani yake mna neno la lugha yetu.

Jina lake ni Star Trek: Waypoint. Ni mkusanyo wa hadithi fupi ulioanza kutolewa na kampuni ya IDW ya Marekani mwaka 2016, kuadhimisha miaka 50 ya Star Trek, mchezo wa televisheni ulioonyeshwa kwanza tarehe 8 Septemba 1966. Mchezo huo wasimulia safari za chombo kiendacho kati ya nyota, na ndani yake watu wa mataifa mengi wafanya kazi pamoja. Mmoja wao ni mwanamke Mwafrika, Luteni Uhura, mwenye kazi ya kupokea na kupeleka habari.

Jina hilo latoka katika neno uhuru. Watungaji waligeuza herufi ya mwisho ili lisikike laini masikioni mwao. Kwetu badiliko hilo si dogo: uhuru lina maana, uhura halina. Hata hivyo Nichelle Nichols, Mmarekani Mweusi aliyeigiza nafasi hiyo, alilipa jina lile heshima. Alisimulia mwenyewe kwamba alitaka kuiacha kazi baada ya mwaka wa kwanza, naye Martin Luther King akamsihi abaki. Tangu mwaka 1977 alisaidia shirika la NASA kuwaita wanawake na Weusi wajitolee kwenda angani. Alifariki mwaka 2022.

Kitabu kina sifa moja kubwa: wale waliozoea kusimama nyuma ya nahodha wapewa zamu yao. Katika hadithi iitwayo “Daylily”, ya Sandra Lanz, Uhura mwenyewe ndiye anayekutana na kiumbe mgeni. Jambo hilo lamfaa mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza. Lakini kurasa ni chache mno. Hadithi yakwisha tukiwa ndiyo kwanza twaanza kumjua mtu. Tena, asiyepata kuuona mchezo wa televisheni hubaki mlangoni.

Kasoro nyingine ni ya zamani, nayo imo katika mchezo wenyewe. Katika “The Man Trap”, sehemu ya kwanza kuonyeshwa, kiumbe mwovu ajigeuza mtu na kumsemesha Uhura Kiswahili ili amnase. Katika “The Changeling”, ya mwaka 1967, mashine yamfutia Uhura kumbukumbu, na anapofundishwa upya, Kiswahili chamtoka mdomoni. Basi lugha yetu imetiwa katika kinywa cha mdanganyifu, kisha katika kinywa cha aliyejeruhiwa akili. Haikupewa kazi. Lakini hapa Uvira Kiswahili chafanya kazi ile ile ya Uhura: chawaunganisha Mfuliiru, Mvira, Mbembe na Mrundi, sokoni na kanisani. Mtungaji ajuaye hayo angempa Uhura hadithi iliyo bora zaidi.

Na uhuru wenyewe ni nini? Tarehe 30 Juni 1960 neno hilo lilisikika katika Kongo yote. Miaka minne baadaye, wakati wa maasi, tarehe 28 Novemba 1964, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa huko Baraka, na Padri Giovanni Didonè pamoja na Abbé Albert Joubert huko Fizi. Hatari waliijua, nao walibaki na waumini wao. Wote wanne walitangazwa Wenyeheri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Mtakatifu Paulo awafundisha Wagalatia kwamba tumeitwa katika uhuru ili tutumikiane kwa mapendo. Hao wanne waliuonyesha uhuru wa namna hiyo, wala hawakuhitaji chombo cha kwenda nyotani.

Wazazi wasiwanyang'anye watoto kitabu hiki. Wakisome pamoja nao, wawaulize: Je, Uhura yu huru kwa ajili ya nani? Na kijana mwenye mkono wa kuchora, apige picha za bandari yetu, milima ya Itombwe na barabara ya kwenda Baraka. Aandike maneno kwa Kiswahili chetu, na neno uhuru aliandike kwa herufi zake zote.