Jangwa Lina Wenyewe

Miaka miwili iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye amekaa Maskati zaidi ya miaka ishirini akiendesha magari ya kampuni, alikuja kunitembelea hapa Boko. Alinikuta uani chini ya mkorosho, mahali ninapokaa kila jioni tangu nistaafu ukuu wa chuo cha ualimu. Baada ya "shikamoo Mwalimu" na kikombe cha chai alitoa kitabu mfukoni mwake, kimechakaa kwa kusomwa, akakiweka juu ya mkeka. Akasema, "Mwalimu, wewe ulitufundisha kwamba jangwa ni adui. Soma hiki, halafu uniambie kama ungali unaamini hivyo."

Kitabu chenyewe ni "Arabian Sands", yaani Michanga ya Arabuni, cha Mwingereza Wilfred Thesiger, kilichotoka mwaka 1959. Nimekisoma mara mbili. Makala hii ni jibu langu kwa mwanafunzi wangu, na kwa kuwa yeye si peke yake niliyemfundisha maneno yale, nimeona heri niliandike jibu hilo mahali ambapo na wengine wanaweza kulisoma.

Thesiger alizaliwa Addis Ababa mwaka 1910, baba yake akiwa mwakilishi wa Uingereza huko. Baada ya vita kuu ya pili alipata kazi ya kutafuta mazalio ya nzige kusini mwa Arabuni. Hakuficha kwamba nzige walikuwa kisingizio tu. Alichokitaka ni kuingia Rub al Khali, Robo Tupu, ule mchanga mkubwa ambao Waarabu wenyewe wengi hawakuthubutu kuukanyaga. Aliuvuka mara mbili kati ya mwaka 1946 na 1948, kwa ngamia na kwa miguu mitupu, pamoja na vijana wa kabila la Rashid. Wawili kati yao, Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha, ndio roho ya kitabu. Wao walimwita Mubarak bin London.

Kwanza nitoe sifa, kwa maana kitabu kinazistahili. Sijapata kusoma mwandishi mwingine aliyeitazama nchi kavu kwa makini kiasi hiki. Wengi wetu tukisema jangwa tunaona kitu kimoja, mchanga na jua. Yeye anaona mchanga wa rangi nyingi, anaona mmea uliochipuka kwa mvua iliyonyesha zamani, anaona nyayo za mnyama na kujifunza kutoka kwa wenzake ni mnyama gani na alipita lini. Wenyeji wale walikuwa wakitazama alama za ngamia mchangani wakamtambua mwenye ngamia, alikotoka na mahali aliponywesha mara ya mwisho. Huo ni usomaji, ndugu zangu. Mimi niliyefundisha kusoma na kuandika kwa miaka karibu arobaini nakiri kwamba wale ambao hawakuwahi kukaa darasani walisoma ukurasa ambao mimi ningeuita mtupu.

Jambo la pili ni adabu ya nchi kavu. Yamo masimulizi ya siku ambayo msafara ulikuwa na njaa kali, wakapata sungura mmoja na kumpika, wote wakimsubiri kwa hamu. Mara wakatokea wageni. Sungura aliandaliwa wageni, nao wenyeji wakakaa wakiwahimiza wale, wakijifanya kwamba hawana haja naye. Mtu wa pwani atasema huo ni ukarimu tu. Lakini ukitafakari utaona kwamba ni sheria ya mazingira hasa. Penye kisima kimoja kwa mwendo wa siku nyingi, anayemnyima mwenzake leo atakufa kesho mlangoni pa yule aliyemnyima. Nchi ile ilihifadhiwa na watu waliojua kugawana uchache wake, na kitabu kinatuonyesha hivyo bila kuhubiri.

Sasa nije kwenye kasoro, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa. Thesiger alilipenda jangwa kama mtu anavyopenda picha ukutani: hataki mtu aisogeze. Anahuzunika kwamba mafuta yanakuja, magari yanakuja, na vijana wa Rashid wataacha ngamia. Huzuni yake ni ya kweli, na ubashiri wake ulitimia. Lakini katika kurasa zote hizo hamuulizi bin Kabina kwa dhati kama yeye angependa kuendelea na njaa ile. Mwandishi aliichagua njaa, na alikuwa na London ya kurudia. Kijana yule alizaliwa ndani yake. Thesiger aliporudi Oman mwaka 1977 na kuwakuta rafiki zake wana magari, alisikitika. Mimi nilipolisoma jambo hilo nilifurahi kwa ajili yao. Mapenzi yanayomtaka mpendwa abaki maskini ili apendeze machoni yana ubinafsi ndani yake, hata yakiandikwa kwa lugha nzuri namna gani.

Hata hivyo mimi sina haki ya kumnyooshea kidole mtu yule kabla sijasimulia habari zangu.

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi katika milima ya Irangi, Kondoa. Aliyefika huko zamani hizo hawezi kusahau makorongo yale. Udongo mwekundu ulikuwa umekatika kwa kina cha nyumba, mashamba yamening'inia ukingoni, na mvua ikinyesha mito iligeuka rangi ya damu. Serikali ilikuwa imeanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, tangu mwaka 1973, kwa msaada wa Sweden. Matuta yalichimbwa, miti ikapandwa. Kisha mwaka 1979 ikatoka amri kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi, kiasi cha kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda kwa makumi ya maelfu wakahamishwa kwenda nchi za chini.

Nami nilitunga ngonjera. Katika ngonjera yangu Mbuzi alishtakiwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuleta jangwa, mashahidi wakiwa Mti, Udongo na Mto, na hukumu ilikuwa afukuzwe nchini. Wageni waliokuja kukagua mradi waliipigia makofi sana. Mvulana mmoja wa darasa la tano, niliyempa nafasi ya Mbuzi kwa sababu alikuwa na sauti nzuri, alikataa kuigiza. Baba yake alikuwa ameondoka na mifugo yao wiki chache nyuma, na nyumbani kwao maziwa yalikwisha. Sikumuuliza sababu. Nilimchapa viboko vinne kwa utovu wa nidhamu, nikampa nafasi yake mtoto mwingine. Mvulana yule ndiye aliyeniletea kitabu cha Thesiger. Jambo la viboko hakulitaja, wala mimi siku ile sikuwa na ujasiri wa kulitaja.

Ni lazima niwe mkweli juu ya Kondoa. Nyasi zilirudi. Miti ilichipua yenyewe kwenye milima iliyokuwa mitupu, na makorongo mengi yalitulia. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ilianza kuruhusiwa mifugo michache ya maziwa kulishwa zizini, na leo aendaye Kolo kutazama michoro ya kale ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ataikuta milima ina kijani. Kwa hiyo sisemi kwamba amri ile haikuzaa kitu. Ninachosema ni kwamba nilimfundisha mtoto aione mali ya baba yake kuwa ni mhalifu, na nchi yake mwenyewe kuwa ni ugonjwa. Thesiger alimtaka mwenyeji abaki pale pale alipo, mimi nikataka aondoke. Wote wawili hatukumuuliza.

Tena nilichanganya mambo mawili ambayo mwalimu hakupaswa kuyachanganya. Jangwa ni kazi ya maumbile, lina viumbe vyake na uzuri wake. Ardhi iliyochakazwa ni kazi ya binadamu, nayo inaweza kutokea hata penye mvua nyingi. Hata hapa Boko, ambapo mvua za masika hutujaza maji mpaka mlangoni, nimeona viwanja vilivyong'olewa kila mti vikabaki vumbi tupu. Ukimfundisha mtoto kwamba jangwa ni adui, hutampa macho ya kuyaona yote mawili.

Mwanafunzi wangu alinisimulia habari za Jiddat al-Harasis, uwanda wa Oman alioupita mara nyingi kwa kazi yake, ambako mimea na wanyama huishi kwa ukungu na umande unaotoka baharini. Huko ndiko choroa mweupe wa Arabuni wa mwisho waliokuwa huru walipouawa mwaka 1972, baada ya wawindaji wenye bunduki na magari kuwamaliza. Kwa bahati wachache walikuwa wamehifadhiwa na kuzalishwa Marekani. Mwaka 1982 choroa walirudishwa uwandani, na waliopewa kazi ya kuwalinda ni watu wa kabila la Harasis wenyewe, walioijua kila alama ya nchi ile. Kazi ilifana. Mwaka 1994 mahali pale paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kufikia mwaka 1996 choroa walikuwa 450. Kisha majangili wakaanza kuwakamata wazima na kuwauza. Eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90 ili kutafuta mafuta na gesi, na mwaka 2007 choroa walibaki 65 tu. UNESCO ikaliondoa eneo lile katika orodha, la kwanza duniani kuondolewa. Wengine wamezaliwa tangu hapo, lakini ndani ya uzio.

Naona habari hiyo inamjibu Thesiger vizuri kuliko mimi. Choroa hawakusitawi kwa sababu kuna mgeni aliyewaonea huruma, wala hawakupungua kwa sababu wenyeji walipata magari. Wenyeji wale wale wenye magari ndio waliowalinda. Walipungua pale bei ya mnyama sokoni na thamani ya kilicho chini ya ardhi ziliposhinda neno la watu wanaoishi juu yake.

Nasi tunao mfano wetu wa upande wa pili, ambao natamani Thesiger angeuona. Katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imekauka kiasi kwamba Mwalimu Nyerere aliuita mkoa ule Jangwa la Tanzania. Miti ilikuwa imekatwa tangu enzi za mkoloni ili kuwaondoa mbung'o, kisha yakaja mashamba ya pamba, kisha kuhamishiwa vijijini kukawatenganisha watu na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulipeleka miche kama sisi tulivyofanya Kondoa. Lakini maofisa wake walikuwa na busara ya kuwasikiliza wazee wa Kisukuma, na wazee wakawakumbusha ngitili: sehemu ya malisho ambayo familia au kijiji huifunga wakati wa mvua, ikafunguliwa kiangazi mifugo inapokosa majani. Dagashida, baraza la jadi, ndilo lililoamua nani amevunja mpaka na atatozwa nini. Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Miaka ishirini haikupita zikawa zimevuka hekta 300,000. Mbuzi hakufukuzwa. Aliwekewa zamu.

Siku hizi nasikia Dodoma wakulima wanafundishana kisiki hai: huna haja ya kitalu wala ndoo ya maji, unakitafuta kisiki kilicho hai shambani, unachagua machipukizi yaliyo bora, unapogoa mengine, unatia alama na kulinda. Nikikumbuka miche ya mikaratusi tuliyoipanda kwa mistari iliyonyooka, ikafa kila kiangazi tukaipanda tena kila masika, naona haya. Mizizi ilikuwepo chini ya miguu yetu wakati wote.

Basi hukumu yangu juu ya "Arabian Sands" ni hii. Kisomwe, na hasa kisomwe na walimu, kwa sababu kinafundisha kuitazama nchi kavu kwa heshima, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule na ngonjera zetu havikulifanya. Lakini asomaye asiishie kwenye huzuni ya mwandishi. Kila anapomsikia akilia kwamba maisha fulani yanapotea, na aulize: mwenye maisha hayo anasema nini?

Mwezi uliopita nilimpigia simu mwanafunzi wangu. Nilimweleza haya yote, na mwisho nikamwomba radhi kwa viboko vinne vya mwaka 1979. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Mwalimu," akasema, "vilikuwa sita." Akaniambia akija likizo atanipeleka Kondoa, tumwone mdogo wake, ambaye ana ng'ombe wawili wa maziwa zizini na majani ameyapanda mwenyewe kwenye matuta. Nimemjibu kwamba nitakwenda, Mungu akipenda, na kwamba safari hii mimi ndiye nitakayekaa chini kusikiliza.